Tasnifu inahusu Kiswahili, lakini mwalimu wa Kiswahili haimfikii

LIKIZO ya Agosti ilinikuta Uasin Gishu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Moiben akaniomba niipitie tasnifu yake ya uzamili kabla hajaikabidhi kwa watahini. Jina lake nitalihifadhi. Chuo kikuu anakosomea pia sitakitaja, maana kisa chake ni cha walimu wengi nchini wala si cha chuo kimoja.

Mwalimu huyu amefundisha Kiswahili kwa miaka 14. Shule zikifungwa, wenzake wakirudi kuangalia mahindi na ng'ombe, yeye hufunga virago akaenda chuoni kwa masomo ya likizo. Karo anajilipia kwa mkopo wa chama cha ushirika. Nayataja haya mapema ili ieleweke kuwa ninachokihakiki hapa si juhudi yake. Ninahakiki aina ya maandishi ambayo sisi wa vyuoni tumemfundisha kuandika.

Mada yake ilinivutia papo hapo: makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa gredi ya tano. Nani aliyewahi kusahihisha insha asijue uzito wa jambo hilo? Nikafungua ukurasa wa kwanza, Kiingereza. Nikaruka hadi sura ya nne, Kiingereza. Kurasa 130 na ushei kuhusu ufundishaji wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimefukuziwa nyuma kabisa, kwenye viambatisho.

"Mwalimu, mbona hivi?" nikamuuliza.

"Si hii ni shahada ya elimu, Mwalimu?" akanijibu. "Mtaala na ufundishaji. Nilipouliza, niliambiwa kuandika kwa Kiswahili ni kwa wale wa idara ya Kiswahili. Huku kwetu ni Kizungu tu."

Ndiyo hali ilivyo. Katika vyuo vikuu vyetu kadhaa, mwanafunzi wa isimu au fasihi ya Kiswahili huandika tasnifu yake kwa Kiswahili na kuitetea kwa Kiswahili. Hilo si jambo jipya. Lakini mwenzake anayesomea elimu, na anayechunguza namna ya kufundisha Kiswahili hicho hicho, aghalabu hutakiwa aandike kwa Kiingereza. Wawili hao wanaweza kuketi katika darasa moja, wakakusanya insha za watoto wale wale, kisha mmoja akaandika kwa lugha ya watoto hao na mwingine akalazimika kuwahamisha.

Hoja yangu leo ni kwamba uhamisho huo una gharama mbili. Unapoteza ushahidi, na unampoteza msomaji.

Tuanze na ushahidi. Mtoto mmoja katika data ya mwalimu huyu aliandika: "Kitabu yangu imeanguka kwa matope." Kwa kanuni za sarufi tungetarajia: "Kitabu changu kimeanguka matopeni." Sasa hebu zitafsiri sentensi hizi mbili kwa Kiingereza. Utapata sentensi moja tu! Kiingereza hakina ngeli ya KI-VI. Hakina *changu* wala *yangu* za kutofautisha, wala kiambishi cha ngeli kinachokirudia kitabu katika kitenzi. Sentensi yenye kosa na sentensi sahihi zinatoka upande wa pili zikiwa pacha.

Mwandishi wetu mwanzoni alikuwa ameziweka sentensi za watoto jinsi zilivyo. Akatakiwa azigeuze ziwe za Kiingereza ili kila msomaji aelewe. Za Kiswahili zikahamia kiambatisho cha tatu. Matokeo yake ni kwamba sura nzima inajadili makosa ambayo msomaji hayaoni. Ni sawa na kesi ya wizi ambapo mali iliyoibwa imerudishwa nyumbani kwa mwenyewe kabla hakimu hajaingia mahakamani.

Linalokera zaidi ni kwamba nadharia aliyoitumia inakataa mchezo huo. Alitumia uchanganuzi wa makosa, na akamnukuu S. Pit Corder, msomi wa Uingereza ambaye mwaka wa 1967 alichapisha makala maarufu kuhusu umuhimu wa makosa ya wanafunzi. Hoja ya Corder, kwa ufupi, ni kwamba kosa la mwanafunzi si takataka ya kufagiliwa. Ni ushahidi wa jinsi mwanafunzi anavyoijenga lugha kichwani mwake, na mwalimu ajifunze kuusoma. Sasa utausoma vipi ushahidi uliotafsiriwa ukawa kitu kingine?

Hojaji nazo zilikuwa hivyo hivyo. Walimu wa Kiswahili waliulizwa kwa Kiingereza jinsi wanavyofundisha Kiswahili! Walipewa vile viwango vitano vya kukubali na kukataa, kipimo ambacho Rensis Likert, Mmarekani, alikieleza mwaka wa 1932. Sina ugomvi na Likert. Wala sina ugomvi na jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka wa 1970, ambalo watafiti wetu wa elimu hulikimbilia kutafuta ukubwa wa sampuli hata pale ambapo shule zenyewe ni sita na zinaonekana zote ukisimama kilimani. Zana ni zana. Ila mwalimu anayeulizwa kuhusu kazi yake katika lugha asiyofanyia kazi hiyo atajibu kwa tahadhari, atie alama katikati, arudi zake darasani.

Gharama ya pili ni msomaji. Mwandishi akishaamua anaandikia nani, ameamua pia atasema nini. Kwa kuwa tasnifu hii inaandikiwa mtu asiyejua Kiswahili, mwandishi alitumia kurasa 11 kueleza ngeli ni kitu gani. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua ngeli ni kitu gani. Ambalo mwalimu halijui, na ambalo angelipa nauli kulijua, ni hili: akiingia darasani kesho na watoto 60 wanaosema "kitabu yangu", aanzie wapi? Swali hilo lilipewa aya mbili katika sura ya tano, chini ya mapendekezo, baada ya pendekezo kwamba serikali iongeze vitabu.

Mahali penyewe panatudai zaidi ya hapo. Chepkoilel, katika eneo hilo hilo la Moiben, kilifunguliwa mwaka wa 1946 kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa, enzi za walowezi. Mwaka wa 1984 kikageuzwa kuwa chuo cha kuwafunza walimu wa sayansi kwa kiwango cha diploma. Mwaka wa 1990, wanafunzi walipofurika katika vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Moi kikakichukua kuwa bewa lake. Agosti 2010 kikawa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Yaani ardhi ile ile imewahi kumfunza mkulima, kisha mwalimu, na sasa inawapa watu shahada za juu.

Sasa mtazame mkulima wa sehemu hizo. Mtafiti wa mahindi akikamilisha mbegu yake, kazi haiishii maktabani. Kuna siku ya wakulima shambani, kuna afisa wa kilimo, kuna mabua ya kushikwa kwa mkono, na maelezo yanatolewa kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin. Muulize mzee yeyote wa Uasin Gishu kuhusu mbegu ya 614, atakueleza inapandwa lini, inakaa shambani muda gani na inataka mbolea gani. Huenda hajui jina la mtafiti hata mmoja, lakini utafiti umemfikia. Je, utafiti wa ufundishaji wa Kiswahili una siku yake ya wakulima? Nimezunguka shule nyingi. Sijaiona.

Najua watakaonipinga, na baadhi yao ni marafiki zangu. Wa kwanza atasema wasimamizi na watahini katika vitivo vya elimu hutoka katika taaluma mbalimbali: saikolojia, usimamizi, hisabati. Watasomaje tasnifu ya Kiswahili? Namjibu hivi. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mhadhiri aliyeanza shule baada ya mwaka huo alikisoma hadi kidato cha nne. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikiwa mhadhiri huyo hawezi kusoma tasnifu iliyoandikwa kwa lugha rasmi ya nchi yake, basi tatizo si la mwanafunzi. Na kama mada ni ufundishaji wa Kiswahili, msimamizi asiyejua Kiswahili anasimamia nini?

Wa pili atasema Kiswahili hakijakomaa kubeba utafiti wa kiwango hicho. Huyu amechelewa. Mwaka wa 1976 Euphrase Kezilahabi aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert, kwa Kiswahili. Baadaye, mwaka wa 1985, alikamilisha uzamifu wake huko Wisconsin, Marekani, kwa Kiingereza. Hakuna ubaya. Lugha zote mbili alizimudu, na hakuna aliyethubutu kusema ile ya kwanza ilikuwa nusu tasnifu. Majarida kama *Mulika* la Dar es Salaam na *Mwanga wa Lugha* la Chuo Kikuu cha Moi yamechapisha makala ya kitaaluma kwa Kiswahili.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nami sitamkwepa. Atasema: hizo tasnifu zenu za Kiswahili, mmezisoma? Nimezisoma. Nyingine zinatia uchungu. Mtu ameandika Kiswahili huku kichwani anafikiri kwa Kiingereza, sentensi zikatoka zimevaa nguo za kuazima. "Watafitiwa wengi walikubali kwa nguvu." Kwa nguvu, kwani walikuwa wanasukumana? Sisi husema *walikubali kabisa*, au *walikubali bila shaka yoyote*. "Mwalimu hucheza nafasi kubwa katika ujifunzaji." Mwalimu hachezi, jamani, ana *mchango mkubwa*. "Iliweza kubainika kwamba..." Nani alibaini? Mwandishi amejificha nyuma ya kitenzi kama mtoto nyuma ya mlango, miguu ikionekana.

Istilahi nazo ni vurugu. Huyu anaandika *hojaji*, yule *dodoso*. Huyu *mtaala*, yule *mtalaa*. Kenya tunasema *uzamifu*, Tanzania wengi husema *uzamivu*, na katika ukurasa mmoja wa tasnifu moja niliwahi kuyakuta yote mawili, mwandishi akiwa bado hajaamua atazamia upande gani wa mpaka. Mwanafunzi anayekabidhiwa lugha katika hali hii bila kamusi ya pamoja ya taaluma yake ana haki ya kuogopa.

Lakini hoja hii inathibitisha nini hasa? Kwangu mimi inathibitisha kwamba lugha ya kitaaluma hujengwa kwa kutumiwa. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 katika gredi za chini, walimu walikutana na istilahi kama *maswali dadisi* na *masuala mtambuka* katika miundo ya mtaala wa Kiswahili. Mwanzoni walicheka. Leo mwalimu wa gredi ya tano anazitamka bila kufikiri, kwa sababu anaziandika kila wiki katika maandalizi yake ya kazi. Istilahi za utafiti wa elimu hazijapata bahati hiyo kwa kuwa tumewanyima watumiaji. Tunasema mtoto hajui kuogelea, kisha tunamkataza mto.

Basi tufanye nini? Sitaki kuishia kulalamika.

Mosi, vitivo vya elimu viruhusu tasnifu zinazohusu ufundishaji wa Kiswahili kuandikwa kwa Kiswahili, na ikisiri iwe kwa lugha zote mbili. Nasema viruhusu, sisemi vilazimishe. Anayetaka kuwafikia wasomi wa Ulaya na Marekani aandike Kiingereza na heri imfuate. Mtahini wa nje akikosekana hapa, Tanzania si mbali.

Pili, pale ambapo Kiingereza hakiepukiki, maneno ya wanafunzi yabaki yalivyo ndani ya mjadala wenyewe, yasipelekwe uhamishoni kwenye viambatisho. Tafsiri ije baada yake kama msaada. Isiwe badala yake.

Tatu, kila mtafiti wa elimu, kabla ya kuvaa joho, arudishe katika shule alizotafiti muhtasari wa kurasa nne kwa lugha ambayo walimu wa hapo wanaifanyia kazi. Tayari tunamtaka awe na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, ndipo aingie shuleni kuchukua data. Tumtake pia arudi kutoa kile alichopata. Mgeni aliyekula kwako akaondoka bila kuaga utamkaribisha tena?

Nne, idara za Kiswahili ziache kuwatazama wenzao wa elimu kama watu wa ng'ambo. Tukae chini tukubaliane istilahi 200 tu za kuanzia, za utafiti wa elimu, tuzichapishe. Nasi tuwafundishe wanafunzi wetu kuandika Kiswahili kinachosomeka, si Kiingereza kilichobandikwa viambishi.

Mwalimu wa Moiben sikumshauri aibomoe tasnifu yake. Amebakiza miezi michache, na karo ya muhula mwingine si mzaha. Nilimshauri ajaribu hilo la tatu: aandike kurasa nne kwa Kiswahili, azibandike kwenye ubao katika ofisi ya walimu, kisha asubiri.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu.

"Mwalimu, nimeumbuliwa," akasema, ila sauti ilikuwa na kicheko.

Ilikuwa hivi. Katika sura ya tano alikuwa amehitimisha kwamba watoto husema "kitabu yangu imeanguka" kwa sababu ya athari ya lugha ya mama, yaani Kikalenjin, ambacho hakina ngeli za namna ya Kibantu. Hitimisho hilo lina ukweli ndani yake, na limeandikwa katika tasnifu nyingi kiasi kwamba wasimamizi wake hawakuona haja ya kulihoji. Lakini mwalimu wa gredi ya kwanza, mama anayekaribia kustaafu, alizisoma zile kurasa nne akiwa na kikombe chake cha chai, akamgeukia.

"Madam, hiyo *imeanguka* haitoki kwa Kikalenjin peke yake," akamwambia. "Wewe mwenyewe jana ulisema *chakula iko tayari*. Na mimi nilisema *kiti imevunjika*, tena mbele ya watoto. Hawa wanasema vile wanasikia tukisema."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, kisha ikanyamaza.

Fikiria alilolisema mama huyo. Kiswahili ambacho mtoto wa bara anakisikia sokoni, kwenye matatu na hata kwa mwalimu wake nje ya kipindi kimeshapunguza upatanisho, kikaacha *i-* ibebe karibu kila kitu kisicho mtu. Mtoto hajakosea kujifunza. Amejifunza vizuri sana Kiswahili anachokisikia. Ikiwa ni hivyo, dawa ya mwalimu inabadilika: badala ya kupigana na lugha ya nyumbani, aanze na kinywa chake mwenyewe, na awafundishe watoto kwamba kuna Kiswahili cha uwanjani na kuna cha insha, na kila kimoja kina mahali pake. Hilo ni swali la utafiti hasa. Liliulizwa na mtu asiye na shahada ya uzamili, kwa sababu kwa mara ya kwanza utafiti huo ulimfikia katika lugha ambayo angeweza kuujibu.

Sasa mwandishi wetu anaipanga upya sura ya tano. Anaipanga kwa Kiingereza, maana kanuni bado ni ile ile. Zile kurasa nne zingali ubaoni. Aliniambia juzi kwamba mtu mwingine amezipitia kwa kalamu nyekundu, na bado hajajua ni nani.